Friza ya Mama Arielle

Jumatatu, 1 Februari 2010

Bibi Winifrida Komba wa Rågsved, Stockholm, anasikitika kutangaza kifo cha birika lake la umeme, kilichotokea leo asubuhi baada ya kuugua kwa muda mfupi. Marehemu alichemsha maji kwa uaminifu miaka saba. Mazishi yatafanyika kwenye kontena la takataka za umeme, mguu wa mfiwa ukiruhusu. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, hasa duka lililotuuzia.

Mguu haujaruhusu. Uko ndani ya hogo — plasta gumu kutoka vidoleni hadi gotini. Nilianguka kwenye barafu mbele ya stesheni, nikiwa nimevaa viatu vya kuzuia kuanguka. Daktari kasema nikae nyumbani mpaka Machi. Watoto wa chekechea ninaowapikia wamepewa mpishi mwingine. Nasikia anachemsha viazi na kuviacha hivyo hivyo. Poleni wanangu.

Nilikuja nchi hii kusomea ushirika, nikabaki na masufuria. Sasa hata masufuria nimenyang'anywa. Nimebaki na kiti, dirisha na daftari hili. Niko ghorofa ya kwanza, juu ya mlango wa jengo. Theluji ya mwaka huu haina adabu. Greda limeirundika chini ya roshani yangu mpaka inataka kuingia. Namwona kila anayeingia na anayetoka. Si umbea. Televisheni inaonyesha watu wanaoteleza kwa makusudi, na mimi nimeshateleza vya kutosha.

Jumatano, 3 Februari

Mlango umegongwa kwa ngumi. Mama Arielle. Jina lake Madeleine, Mkongo wa Bukavu, tunapakana ukuta kwa ukuta. Friza yake iliyoko stoo ya chini imekutwa wazi na karibu tupu.

Si friza ya kawaida hiyo. Imebeba harusi ya binti yake Arielle, mwishoni mwa mwezi. Sombe, yaani kisamvu, mbuzi mzima aliyekatwakatwa, na makayabu, wale samaki wa chumvi. Na ndagala, dagaa wao! Ndagala za Ziwa Tanganyika, zilizokuja kwa ndege ndani ya sanduku la mtu, zimeviringishwa kwenye nguo za kwaya.

Nikauliza kuhusu kufuli. Kufuli lilipotea tangu kiangazi. Stoo ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kiatu.

Arielle alikuwa nyuma ya mama yake, koti mwilini, anataka kwenda kazini. "Men mamma, det är bara fisk." Ni samaki tu, eti. Mama yake akamgeukia kwa Kifaransa, akamalizia kwa Kiswahili ili nami nifaidike: "Samaki tu? Na bakwe zako watakula nini — theluji?"

Binti akaenda zake. Mama Arielle akakaa, akatazama hogo langu bila kuliona. Kisha akasema polepole, kama mtu aliyepata ufunuo: "Mama Winifrida. Mbuzi, kila mutu anaweza kuiba. Hata Muswidi. Lakini ndagala? Muswidi gani ataiba ndagala? Akisikia ile harufu ataita zimamoto."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwizi ni wa kwetu," akasema.

Hoja hiyo imenikalia kichwani mchana kutwa. Nimeizunguka nikitafuta tundu, sikuliona. Jioni ndiyo nikaliona: mwizi wa gizani anazoa mifuko, hanusi mfuko mmoja mmoja. Lakini nimechelewa. Kufikia jioni kila nyumba ya Mwafrika katika jengo hili imeshaambiwa kwamba mwizi ni wa kwetu.

Alhamisi, 4 Februari

Colombe, Mrundi wa ghorofa ya pili, ni msusi. Habari zote za Rågsved hupita kati ya vidole vyake.

Saa sita mchana: mtu ametikisa kitasa cha mlango wa Colombe.

Saa nane: mtu amejaribu kuingia kwa Colombe.

Kabla jua halijazama — na hapa jua linazama saa kumi — yule mtu alikuwa na kisu.

Nimeliangalia kufuli langu. Nimefunga mara mbili. Huu ndio ubaya wa habari za kipuuzi, mkono unazisadiki kabla ya kichwa.

Jumamosi, 6 Februari

Kikao kimefanyika sebuleni kwangu. Sababu rasmi ni mguu wangu. Sababu ya kweli, nina makochi mawili.

Waliohudhuria: Désiré, mume wa Mama Arielle, dereva wa basi na shemasi wa kikundi chetu cha sala. Mama Arielle mwenyewe. Colombe. Na Papy, anayesimama mlangoni kwa disko moja la mjini, ambaye alikaa peke yake kochi la watu wawili na halikubaki na nafasi. Chai nimeichemsha kwenye sufuria.

Désiré alifungua kwa sala. Ilikuwa ndefu kuliko ajenda. Kisha akasema: "Miye siko nataja mutu. Niko nauliza tu. Katika hili jengo, nani hatumujui?"

Wote wakatazama sakafu. Si kwa aibu. Chini yangu ndiko anakoishi Zénon.

Zénon alikuja kabla ya Krismasi. Mtu wa Uvira, wanavyokisia kwa lafudhi. Miaka thelathini na kitu. Amekaa kwenye chumba cha Gregory, yule Mkenya anayeendesha malori Norway, aliyempangisha kimyakimya mgongoni mwa kampuni ya nyumba. Mpaka hapo hana kosa, nusu ya Rågsved inaishi hivyo. Kosa lake ni Jumapili. Kwetu hapa mgeni akifika, Jumapili kwenye sala anasimama mbele ya watu. Anataja jina, anataja kwao, anataja nani anamjua. Akikaa chini keshapata blanketi, sahani ya wali na mtu wa kumwonyesha jiji. Zénon hajasimama. Hata mlangoni hajafika.

"Namwamkia, anaangalia viatu," akasema Colombe.

"Vyako au vyake?" Papy akauliza.

"Viatu tu, Papy! Ni lazima viwe vya mtu?"

Kisha Colombe akateremsha ushahidi. Juzi alipita mbele ya mlango wa Zénon. Ndani kulikuwa kunakaangwa ndagala.

Mama Arielle akafumba macho kama mtu aliyeletewa maiti.

Nikasema hata mimi nilikaanga dagaa wiki iliyopita. Désiré akanijibu kwa upole: "Wewe tunakujua, Mama."

Hiyo ndiyo sheria yote. Haina kifungu cha pili.

Papy akainuka, kochi likashusha pumzi. Alitaka kushuka sasa hivi, "aulize kidogo." Hapo nami nikapata hekima. Nikawaambia hatuko Bukavu wala Songea. Mtu haguswi. Kama mnamshuku, pigeni simu polisi, tajeni jina na chumba, waje wamuulize wao. Nikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu. Nilijipenda sana.

Désiré akasema polisi hawaji kwa ajili ya ndagala. Kwanza doria. Papy akakaa. Nimeokoa mtu, nikafikiri, na nikajimiminia chai.

Jumatatu, 8 Februari

Doria imeanza. Wamenunua reflekta za njano kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wanazunguka jengo, wanashuka stoo, wanakwenda hadi stesheni na kurudi. Giza la alasiri linawasaidia, zile reflekta zinang'aa kama malaika wa barabara.

Tatizo ni kwamba hapa mtu aliyevaa reflekta ni mtu wa kazi. Mama mmoja wa Kiswidi wa jengo la jirani alimsimamisha Papy na kumuuliza lini watamwagia kokoto mlangoni kwake, wazee wanaanguka. Papy, kwa adabu, akamjibu kesho. Kisha akaona aibu ya kudanganya. Jioni nimewaona wote, shemasi kwa mlinzi, wakichota kokoto kwenye sanduku la kampuni na kuzimwaga mlango kwa mlango.

Uhalifu haujapungua, ila leo hakuna aliyeanguka.

Jumatano, 10 Februari

Tukio jipya. Jennifer, mdogo wake Colombe, alitoka stesheni jana jioni na mwanamume akamfuata gizani mpaka mlangoni. Jengo zima limetetemeka. Mama Arielle hataki Arielle arudi peke yake.

Leo Papy amekiri. Ni yeye. Alikuwa anamsindikiza Jennifer kwa mbali, kwa usalama wake. Na reflekta? Alikuwa ameifunika na koti, baridi ilizidi.

Haikusaidia kitu. Tukio limeshaingia kwenye orodha ya matukio, na orodha haitoi mtu.

Nilitaka kupeleka takataka mwenyewe. Nikafika ngazi ya tatu, gongo huku, mfuko huku, nikakwama kama mbuzi kwenye daraja. Zénon akapanda kutoka nje, kofia ya jaketi kichwani. Nikasema "Habari za leo." Akaangalia viatu — Colombe hakusema uongo. Kisha akauchukua mfuko mkononi mwangu bila neno, akageuka, akashuka nao nje.

Salamu hana. Mikono anayo.

Ijumaa, 12 Februari

Niandike kwa mpangilio.

Giza lilishaingia. Nilikuwa naloweka maharage. Sauti ikatoka chini kabisa, kwenye stoo. Ilikuwa ya Colombe.

"Mwiziiii!"

Sijalisikia neno hilo likipigiwa kelele tangu niondoke Songea. Kule kwetu neno hilo lina miguu yake. Halingoji uulize. Mwili wangu ulisimama kabla yangu — juu ya hogo! Milango ikafunguka. Kwa Mama Arielle, kwa yule Mganda wa ghorofa ya tatu ambaye hata kwenye vikao haji. Yetu yote. Ya Waswidi ilibaki imefungwa. Hawalijui neno, heri yao.

Nikajikuta kwenye ngazi, nimeshika reli kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na mwiko wa ugali. Sijui nilipanga kumfanya nini.

Chini nikasikia viatu vinakimbia, kitu cha bati kikaanguka, sauti ya Papy, halafu kitu kingine ambacho si bati. Mtu akisema, "Pardon, papa. Pardon, pardon." Désiré akiita: "Inatosha! Papy! Inatosha!" Halafu tena kile ambacho si bati.

Zénon akatokea kutoka stoo. Ndala miguuni, shati tu mwilini, mdomo umejaa damu, amekumbatia mfuko mkubwa wa plastiki. Mlangoni mfuko ukachanika. Vitu vikamwagika sakafuni, yeye akapita navyo hivyo hivyo, akatoka nje. Nje ni baridi ya kuua, nyuzi kumi na tano chini ya sifuri.

Reflekta zikafika mlangoni zikasimama. Hazikumfuata. Zilikuwa zinaangalia kilichomwagika.

Nguo. Nguo mbichi. Mashati mawili, taulo, suruali ndefu za ndani za baridi. Alikuwa anatoka chumba cha kufulia, kule kule chini jirani na stoo. Chumba hicho kila mtu huweka zamu kwa jina lake, na yeye hana jina kwenye ubao. Amekuwa akifua kwenye zamu za watu wasiofika.

Mama Arielle akaokota shati, akalinusa.

"Sabuni," akasema.

Désiré alikuwa anahema. Akasema mtu anayefua kwa kujificha, lazima kuna kitu anaficha. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekubali. Papy alikuwa anaficha mkono wake mfukoni.

Mama Arielle akaziokota nguo zote, akazikunja moja moja, akaziweka juu ya ngazi. Mazoea tu.

Jumamosi, 13 Februari

Yuko bafuni kwangu. Nimeliandika, basi.

Jana doria walipokwenda kula, kengele ililia mara moja, fupi. Nikachungulia kwenye kitundu cha mlango: Zénon. Mpaka saa ile alikuwa amejificha kwenye ngazi za jengo la pili, ameegemea hita. Jino moja limetoka, la pili linafikiri. Kifundo cha mkono kimevimba kama andazi.

Nikamuuliza kwa nini kwangu. Mlango wa mtu mwingine ulikuwa karibu zaidi.

"Wewe ulinipa takataka, mama."

"Takataka ni kitu cha kupewa?"

"Njo wewe mutu moja tu amenipa kitu hapa."

Nimemfunga mkono kwa kitambaa na mwiko — ule ule, umepata kazi ya heshima. Hospitali hataki. Hospitali wanaanza na namba ya ukaazi, na namba hana. Aliomba hifadhi, akapata negatif, yaani alikataliwa. Akakata rufaa, akapata negatif ya pili. Ilitakiwa awe ameshapandishwa ndege tangu Oktoba. Polisi wakimkuta, ni moja kwa moja hadi Kinshasa, na Kinshasa haina mtu wake hata mmoja. Waliomfanya akimbie Uvira, hao wana watu wao kila mahali.

Nikamwambia angesimama Jumapili moja tu, angetaja jina, haya yote yasingetokea. Akanitazama kama ninavyowatazama watoto wanaouliza kwa nini supu ni ya moto.

"Nikisimama, watu wote wale wanajua. Siku moja mutu anakasirika. Simu moja tu, mama, inatosha."

Nilikumbuka sauti yangu ya mwalimu mkuu.

Halafu nikauliza lile jingine. Siwezi kulala na mgeni ndani ya nyumba bila kujua.

"Ndagala?"

Akaangalia viatu. Hakuwa na viatu, akaangalia vidole.

"Friza ilikuwa wazi tayari. Vitu vingi vilishatoka. Nilipita pale, nikasikia harufu ya kwetu. Nilikamata mufuko moja."

"Mmoja?"

"Moja." Akafikiri. "Na nusu."

Basi mwizi tunaye. Wa mfuko mmoja na nusu. Mbuzi na makayabu bado wanamtafuta mwizi wao.

Nimempigia Bi Kerstin wa parokia, mwalimu mstaafu mwenye kazi moja tu sasa, kuficha watu. Hakuuliza jina. Ana nafasi mahali fulani, hakusema wapi. Ila gari lake liko kwa fundi, betri imekufa kwa baridi. Jumatatu saa nane mchana atakuja.

Mgeni wangu anakaa bafuni muda mrefu mno. Ningekuwa mtu mbaya, ningemtoa kwa hilo tu.

Jumapili, 14 Februari

Baada ya sala wamekuja Désiré na Papy kumwona mgonjwa. Mgonjwa ni mimi. Wameleta wali, maharage na kuku, sahani imefunikwa na sahani, kama desturi.

Mgonjwa wa pili alikuwa bafuni, taa imezimwa.

Papy amefungwa bendeji mkononi. Aliteleza, akasema. Nikasema kokoto mlimwaga wenyewe. Akaitazama chai yake.

Désiré hajalala, macho yake yanaonyesha. Akasema vijana walizidi juzi. Akasema amemuomba Mungu msamaha, na Mungu amemuonyesha njia. "Tulifikiri maneno yako, Mama. Ulikuwa na haki. Kupiga haiko muzuri. Tumekubaliana wote: kesho nitaita polisi. Jina, chumba, bintu vyote. Kwa utaratibu, kama ulivyotuambia."

Wamekuja kunishukuru! Colombe ametuma salamu, anasema mimi ndiye mwenye akili hapa.

Nikauliza, kama mtu anayeuliza tu: na kama hana karatasi?

"Basi itakuwa haraka," akasema Désiré.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia: Baba Arielle, mwaka tisini na saba nilikuletea maharage Tumba, kwenye ukumbi wa kanisa. Ulikaa mule mwaka mzima ukiogopa hata kukaribia dirisha. Ulikuwa na karatasi gani?

Papy aliacha kutafuna. Nadhani hakujua.

Désiré akaikunja mikono, akaifungua. "Ile ilikuwa ingine, Mama. Miye nilikuwa naimba kwaya. Watu walinijua."

"Na yeye akiimba?"

"Haimbi."

Hapo Papy akasimama. "Mama, naomba choo."

"Kimeziba."

"Nizibue? Miye najua sana hizi bintu." Na alikuwa tayari anakunja mkono wa shati, yule jitu mwema.

"Fundi anakuja kesho. Kaa, Papy. Tumia cha kwako, ni mlango wa tatu."

Akakaa. Na ndani, nyuma ya mlango ule, mtu akakohoa.

Mara moja tu. Nikakohoa mimi pia, mara tatu, kwa nguvu, mpaka machozi yakanitoka. Papy akanipiga mgongoni. Désiré hakusogea. Alikuwa ananitazama, kisha akautazama mlango wa bafu, kisha dirisha.

"Pole, Mama," akasema. "Ni hii baridi."

Walipoinuka, Papy alitaka kubeba sahani yake ambayo alikuwa hajaimaliza. Désiré akamshika mkono. "Acha. Mama atakula." Kuku wake mwenyewe alikuwa hajamgusa. Mlangoni akasema tena, polepole, kama anayesoma tangazo la stesheni: "Kesho, Mama. Sitaita kabla ya saa sita. Baada ya saa sita, nitaita."

Ameacha chakula cha watu wawili. Labda ni ukarimu. Labda amejua, na saa sita ni nafasi anayotupa.

Nimempigia Bi Kerstin tena. Saa nane, hawezi kabla. Nikamwambia saa sita ni mwisho. Atajaribu kumwamsha fundi.

Jumatatu, 15 Februari

Naandika polisi wako juu bado, sauti zao zinashuka kwenye ngazi.

Saa tano kasorobo gari la polisi likasimama mlangoni. Hawakuwasha taa. Wawili, mwanamke na mwanamume, wanapiga buti chini kutoa theluji. Saa tano kasorobo! Si alisema saa sita?

Désiré ndiye aliyewafungulia. Leo ni zamu yake ya jioni kwenye basi, mchana yupo. Alikuwa na reflekta. Nikamsikia akiongea Kiswidi cha haraka, na wao wakimjibu kwa kifupi.

Zénon aliliona gari kutoka jikoni, akiwa na kijiko mkononi. Alikiweka kijiko kwenye sinki, akakiosha. Kwa mkono mmoja! Kisha akavaa koti langu la zamani nililompa, akavaa buti zangu za theluji. Kwa wembamba wa miguu yake zilimtosha karibu. Kiatu cha kushoto sikihitaji kwa sasa.

Nikamwambia ngoja. Ngoja tusikie kwanza wanataka nini. Acha wagonge, sitafungua, hapa polisi hawavunji mlango hivi hivi.

"Batagonga, mama, halafu batangoja. Banajua kungoja."

Buti zikaanza kupanda ngazi. Akafungua mlango wa roshani.

"Ufunge nyuma yangu. Baridi itaingia."

Akapanda kwenye ukingo, akaruka. Theluji ikammeza hadi kiunoni. Akapigana nayo, akatoka, akapita nyuma ya baiskeli zilizozikwa, akaelekea kwenye miti. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kazini. Nikafunga mlango wa roshani, nikaenda kwenye kitundu cha mlango wa mbele kwa mguu mmoja.

Buti zikafika mlangoni kwangu.

Zikapita.

Ghorofa ya pili, ya tatu. Milango imefunguka — Colombe na kitana mkononi, Mama Arielle na kilemba nusu. Nimefungua wangu pia, mtu asipofungua ataulizwa.

Désiré ameshuka mpaka kwangu. Uso wake sijawahi kuuona hivyo. Amenisogelea sana, akanong'ona: "Mama, miye sijaita. Ninaapa. Nilikuwa nangoja." Halafu macho yake yakapita juu ya bega langu, yakaona maji ya theluji sakafuni mbele ya roshani. "Yuko wapi?"

Nimeonyesha miti kwa kidevu.

Akavua reflekta. Akashuka mbio, na kichwa wazi, bila koti. Nimemwona kutoka dirishani akizunguka jengo, akiita. Anaita "Zénon! Zénon!" Hilo si jina lake. Aliniambia Jumamosi. La kweli hakunipa, na mimi sikuomba. Theluji mpya imeanza kuanguka, nyayo zinajaa.

Bi Kerstin amefika, mapema, fundi kaamka. Gari lake jekundu liko chini nyuma ya la polisi, injini inanguruma. Amenyanyua uso kwenye dirisha langu, anapunga mkono. Yuko tayari.

Polisi wanashuka. Walikuja kwa bibi mmoja wa Kiswidi wa ghorofa ya nne. Binti yake yuko Malmö, amempigia simu tangu Jumamosi hapokei. Bibi ni mzima, anakunywa kahawa. Waya wa simu ulikuwa umechomoka ukutani.